TAHADHARI: "Paneli za PoE" zinazouzwa Mtwara na Lindi zinaunguza vifaa

Wadau wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala, hasa mafundi wa kamera na mnaosimamia mitandao ya maofisi na maghala ya korosho: kuna jamaa anazunguka na visanduku vyeusi vya milango minane ya kebo, ndizo hizo "paneli", anavinadi kwamba vinaigeuza swichi yako ya zamani ya mtandao kuwa ya PoE, yaani ya kupitisha umeme na data kwenye kebo moja ya mtandao. Kibandiko kinasema 802.3at (kiwango cha PoE), kasi ya gigabiti, wati 30 kila mlango. Yote matatu ni uongo. Nimeshaitwa zaidi ya sehemu moja baada ya yeye kuondoka, na kisanduku ni kilekile.

Wazo lenyewe halina ubaya, ndiyo maana watu wananasa. Una swichi nzima ya milango 24, inapiga kazi, unataka kuongeza kamera nne getini bila kuvuta waya wa umeme mpaka juu ya nguzo. Kuitupa swichi kwa ajili hiyo ni hasara. Vifaa vya kukaa kati ya swichi na kamera na kupitisha umeme kwenye kebo ileile vipo na ni halali, na vina viwango vyake: 802.3af ya mwaka 2003 inatoa hadi wati 15.4 kwa mlango, 802.3at ya 2009 inafika 30. Kifaa cha kweli hupiga hodi kwanza. Kinatuma volti ndogo, chini ya 10, kusikiliza kama upande wa pili kuna kitu kinachojua PoE. Kikiitikiwa ndipo kinafungulia volti 48 hivi. Kisipoitikiwa kinanyamaza, hivyo hata ukichomeka laptopu au printa kwa bahati mbaya, haidhuriki.

Hiki cha jamaa hakijui hodi. Nilikifungua kimoja. Ndani kuna tundu la adapta, njia mbili za shaba zinazokwenda moja kwa moja kwenye pini 4, 5, 7 na 8 za kila mlango, taa nyekundu moja, basi. Chipu hakuna hata ya kuombea maji. Volti 48 zinakaa pale usiku na mchana zikimngoja yeyote.

Ujanja wake uko kwenye majaribio. Akija kwako anachomeka kamera aliyokuja nayo mwenyewe, inawaka, picha hiyo hapo, unalipa. Kamera nyingi za PoE ukizipa volti 48 kwenye pini hizo zinawaka tu, ziwe zimeulizwa au hazikuulizwa. Kasheshe inaanza akishapanda bodaboda. Ghala moja huku walihamisha meza, mhasibu akachomeka printa kwenye tundu la ukutani lililokuwa la kamera. Ikatoka harufu ya plastiki inayoungua, na mlango wa mtandao wa ile printa haukufufuka tena. Msimu wa minada huo, hati zinasubiriwa. Kumpigia, jibu ni moja kwa kila mtu: "Fundi wenu kachomeka vibaya."

Wenye antena za mtandao za zamani za volti 24 ndio msikithubutu kabisa: hizo 48 ni mara mbili ya zinazotaka.

Hiyo gigabiti nayo haipo. Gigabiti inataka jozi zote nne za kebo, na huyu jozi mbili kazigeuza nyaya za umeme. Utabaki na megabiti 100, hata taa ya swichi itakuonyesha.

Halafu soma adapta, acha kusoma kisanduku. Imeandikwa volti 48, ampea 1.25. Zidisha: wati 60. Gawa kwa milango minane upate 7.5 kila mmoja, na mtu anakuahidi 30! Mchana kamera zinavumilia. Giza likiingia, taa zake za infraredi zinawaka, umeme hautoshi, kamera zinaanza kuzima na kuwaka. Yaani zinasinzia saa ileile mwizi anayoamka.

Kabla hujatoa hela, mwambie awashe kisanduku bila kuchomeka kamera. Chukua kipande cha kebo chenye kichwa upande mmoja, kichomeke kwenye mlango wa kutolea umeme, kisha weka mita kwenye DC na upime kati ya waya wa bluu na wa kahawia. Ukiona 48 imetulia hapo, mrudishie mzigo wake. Cha kweli kikiwa hakijaunganishwa na kitu kitakuonyesha karibu na sifuri, au namba ndogo zinazorukaruka. Akikukatalia kupima, umeshapata jibu.

Anauza na mabunda ya kebo. Kwaruza waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa PoE ya mbali usiiguse, umeme unapotelea njiani na kebo inapata joto.

Kuhusu malipo: anataka nusu kwa simu kabla, mzigo eti uko kwenye basi kutoka Kariakoo. Jina linalotokea unapotuma si lile alilojitambulisha. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono. Dai risiti ya EFD uone atakavyokumbuka ghafla kwamba mashine yake imeharibika. Waliokwishalizwa, ripotini namba yake kwenda 15040, na kibandiko cha uongo kipelekeni Tume ya Ushindani, FCC.

Mwenye kisanduku hiki tayari, chomoa adapta leo. Kama huna namna, weka alama kwenye kila tundu la ukutani linalotoka kwake ili asije mtu kuchomeka kompyuta.

Kwa kamera nne, mimi ningenunua swichi ndogo ya PoE ya milango minne yenye kiwango cha kweli, niiunge na ile ya zamani kwa kebo moja. Swichi kubwa inaendelea na kazi yake, na printa ya mhasibu iko salama.