Les Misérables, toleo kamili: hapa ndipo utakapomjua Jean Valjean

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibania kwa sababu herufi ni ndogo mno na kurasa zinaanza kuachia hata hujafika katikati. Kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja kilistahili gundi ya maana.

Riwaya hii ya Victor Hugo ya mwaka 1862 nilishaisoma katika toleo fupi. Mkate ulioibwa, askofu, mitaro ya maji taka ya Paris, vyote vilikuwemo. Ila mle Valjean, mhusika mkuu na mfungwa wa zamani, anabadili majina kama mtu anayebadili shati. Kwenye toleo kamili kila jina linamgharimu.

Chukua jina la Madeleine. Mfungwa namba 24601, aliyesota miaka 19 kwenye gereza la Toulon, anaingia Montreuil-sur-Mer, anafufua biashara ya shanga nyeusi, mji unaneemeka, yeye anakuwa meya. Mara anasikia kuwa huko Arras mzee mmoja, Champmathieu, yuko kizimbani eti ndiye Valjean. Akinyamaza tu, amepona maisha. Anakwenda, anajitaja, na hakuna anayemwamini! Wanadhani meya karukwa na akili. Inabidi awakumbushe wafungwa wenzake wa zamani: wewe ulikuwa na kanda za suruali za kufuma, wewe una kovu la moto begani, wewe mkononi umechanjwa tarehe, 1 Machi 1815. Toleo fupi liliyamaliza haya kwa aya mbili. Nilikasirika kweli nilipogundua.

Kwenye nyumba ya watawa anageuka Fauchelevent, ndugu wa mtunza bustani, na anavalishwa kengele gotini ili watawa wasikie mwanamume anapita. Katika bustani ya Luxembourg jijini Paris, Courfeyrac, rafiki wa kijana Marius, akiona nywele zake nyeupe, anambandika jina Leblanc. Thénardier, yule tapeli, anapomlazimisha asaini, anajiita Urbain Fabre. Mtu mmoja huyo huyo, jamani.

Tatizo langu ni baada ya harusi ya Marius na Cosette, binti aliyelelewa na Valjean. Javert, yule polisi, ameshakufa, hakuna anayemsaka, jina la Fauchelevent alipewa na mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Bado anamwendea Marius na kutoboa siri yake: zamani aliiba mkate ili aishi, sasa hataki kuiba jina ili aishi. Hugo anataka tumvulie kofia. Mimi namlaumu, maana gharama ya usafi wake analipa Cosette pia, na hata hakuulizwa. Nimebishana na mke wangu juu ya hili mpaka chai ikapoa. Yeye yuko upande wa Valjean.

Kwa anayenunua: sura za vita vya Waterloo unaweza kuziruka bila hasara kubwa, isipokuwa ile ya mwisho, usiku wa baada ya mapigano. Yule anayepekua maiti pale ni Thénardier, na bila kumwona hapo hutaelewa kwa nini Marius anajiona ana deni kwake.