Plagi za XLR za Neutrik: sauti ni ile ile, ubora uko kwenye mshiko

Ukiwekewa mezani plagi mbili za XLR (zile za pini tatu za waya wa maiki) pale Kariakoo au Luthuli Avenue, moja bei yake mara kadhaa ya mwenzake, swali huwa moja: hii ya ghali inatoa sauti nzuri zaidi? Haitoi. Na hapa tunaisifu hiyo hiyo ya ghali, Neutrik NC3MXX (dume) na NC3FXX (jike).

Hesabu yake ni fupi. Maiki ya kawaida ina ukinzani wa omu 150 hivi, na mixa huipokea kwa omu 2,000 au zaidi. Mguso mmoja, yaani pini inapokutana na tundu lake, kwenye plagi isiyo na kasoro ni kama omu 0.003. Jumlisha miguso yote minne inayobeba sauti, kinachopotea hakifiki sehemu kumi kwa milioni. Waya wenyewe, mita 10 za nyuzi zenye unene wa milimita za mraba 0.22, una omu 1.6 kwenda na kurudi, zaidi ya mara mia ya plagi, na bado hakuna sikio linalogundua. Anayekwambia dhahabu inang'arisha treble anakuuzia maneno.

Pesa yako inakwenda kwenye mshiko. Plagi za bei poa hubana waya kwa skrubu moja au vibati viwili. Ukivutwa mara kadhaa jukwaani, uzito wote unaangukia lehemu, nayo inakatika. NC3MXX ina kibano cha plastiki kinachokaza pande zote unapofunga kitako (kifuniko cha nyuma cha kuzungusha), kwa waya wa milimita 3.5 hadi 8. Plastiki inayoshika pini pia inastahimili joto. Kwenye zile za bei poa, ukichelewesha chuma cha kulehemu kidogo tu pini inalala upande, na plagi haiingii tena.

Kufunga: pitisha kitako kwenye waya kwanza (hapa hata mafundi wazoefu hujikuta wanalehemu mara mbili). Menya ganda la nje kama milimita 20, sokota wavu (nyuzi tupu zinazozunguka waya za ndani), paka lehemu kwenye ncha zote. Chomeka dume ndani ya jike ili pini zikae sawa, kisha gusa kwa nyuzijoto 350, sekunde mbili au tatu, si zaidi. Wavu uende pini 1, chanya pini 2, hasi pini 3. Kibano kinavishwa mwishoni.

Ukigeuza 2 na 3 upande mmoja, maiki ikiwa peke yake hutasikia kosa; ongeza maiki ya pili kwenye ngoma ile ile na besi inatoweka. Ikikatika moja kati ya 2 na 3, sauti inashuka na mvumo unaingia. Wavu ukiachia pini 1, maiki ya kondensa inayotegemea volti 48 inanyamaza kabisa.

Dhahabu je? NC3MXX-B ina pini za dhahabu, ile ya kawaida za fedha. Fedha hupiga weusi, lakini kila unapochomeka na kuchomoa pini zinajisugua. Kwa kazi ya kila wiki Nairobi au Dodoma, ya fedha yatosha. Mombasa na Zanzibar, kwenye hewa ya chumvi na waya unaokaa umechomekwa miezi, chukua ya dhahabu: haishiki kutu, na mikwaruzo ya sauti inayoletwa na mguso mchafu inapungua. Ila rangi ya dhahabu si dhahabu. Sogeza sumaku kwenye pini. Ikinasa kwa nguvu, ndani ni chuma. Nakala bandia za Neutrik nazo zipo sokoni, kwa hiyo funga na ufungue kitako kabla ya kulipa. Nyuzi zake za skrubu zikikwama au zikicheza, iache.

Kwa spika, usihangaike na jeki ya dhahabu. Jeki ya milimita 6.35 ikichomolewa amplifaya ikiwa inapiga inaweza kugusanisha chanya na hasi. Weka Speakon NL4FX, plagi ya spika ya Neutrik inayojifunga ukiizungusha, kisha pesa iliyobaki iende kwenye waya wa milimita za mraba 2.5.