Kamera ndogo ya betri za AA: menyu yake, saa yake na CD iliyokuja nayo

Kamera hii ilinifikia kutoka Maskati, ndani ya begi la jamaa aliyekuja Pemba kula Idi. Aliyeituma ni ami yangu. Anajenga nyumba Chake Chake, yeye yuko huko na mimi ndiye msimamizi wake hapa, na alitaka kuona kila nondo inavyofungwa bila ya kupanda ndege. Picha tulizokuwa tukimtumia kwa simu zilifika zimebanwa, na ile taarifa ya tarehe na saa inayokaa ndani ya faili ilikuwa imeshapotea njiani.

Ni kamera ya mfukoni, megapikseli 12, zumu ya mara 5, betri mbili za AA ambazo hata duka la sukari na mchele wanazo. Kwa picha zenyewe sina lawama. Nimepiga fundi akiwa juu ya kiunzi, nikiwa chini nimesimama, na nikaweza kuhesabu waya alizofungia. Ninachotaka kukieleza hapa ni menyu, mipangilio na programu, kwa sababu huko ndiko nilikopata faida na ndiko nilikoumia.

Ukiiwasha mara ya kwanza inauliza lugha. Kiarabu kimo, Kituruki kimo, Kiswahili hakimo, basi nikachukua Kiingereza. Kisha inauliza uko wapi, na katika orodha yake Afrika Mashariki yote imewekewa Nairobi. Chagua hiyo, saa yetu ni moja. Pembeni pana alama ndogo ya jua: hiyo ni ya nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Iache imezimwa, la sivyo picha zako zote zitatangulia kwa saa nzima.

Sasa saa yenyewe. Ndani ya kamera mna kibetri kidogo kinachoshikilia tarehe hata ukitoa betri kubwa, lakini kinashikilia siku chache tu. Masika yalipochanganya tuliiweka kabatini bila betri wiki mbili. Siku ya kurudi kazini alikuwa nayo kijana wetu wa vipimo, kamera ikamuuliza saa upya. Ilikuwa saa nne asubuhi, naye akaingiza 4. Hapa kwetu mtu akisema saa nne amesema saa nne, hana kosa. Lakini kamera ikaandika 04:00, ambayo ni saa kumi alfajiri, na tangu dakika ile kila picha ikawa nyuma kwa saa sita.

Tukamwaga zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, tukampelekea ami picha. Jioni akapiga simu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mwanangu, zege mmelimwaga saa kumi ya usiku? Na jua hili ninaloliona ukutani limetoka wapi?"

Nilinyamaza, maana sikujua anazungumzia nini. Alikuwa amefungua taarifa za picha kwenye kompyuta yake, akasoma 04:12, akaangalia kivuli cha fundi chini, na moyo wake ukaingia shaka kwamba tumempigia picha nyumba ya mtu mwengine. Fedha ya mbao za paa ikakaa Maskati wiki mbili. Ami yangu ndiye aliyenisomesha, na kwa wiki mbili aliniona mwongo. Kwa hilo siwezi kuiandikia kamera hii kana kwamba ni chombo cha kuchezea.

Menyu ya saa inaonyesha tarakimu nne tupu. Ndani ya mipangilio upo uwezo wa kuibadilisha ionyeshe saa 12 pamoja na herufi AM na PM za kutenganisha kabla na baada ya adhuhuri, lakini inaanza na saa 24, na hapo ndipo sisi tunaohesabu kutoka mapambazuko tunapoteleza. Mtu yeyote wa pwani anayemkabidhi mwenziwe kamera ya namna hii amwambie kwa mdomo: asubuhi ongeza sita, saa nne iandikwe 10; na saa nane mchana iandikwe 14.

Mengine ya menyu yamegawika sehemu mbili, yenye alama ya kamera na yenye alama ya spana. Kwenye spana tafuta mahali pa namba za faili. Ipo njia ya kuendeleza namba na ipo ya kuanza upya kila unapobadilisha kadi. Weka ya kuendeleza. Kamera hizi huandika jina la herufi nne na tarakimu nne, mpaka 9999, ndani ya folda iitwayo DCIM. Ukiruhusu namba zianze upya utapata picha ya msingi na picha ya paa zenye jina moja, na siku ya kunakili moja itaifuta nyenzake.

Hapo hapo pana aina ya betri. Usipapite. Betri za kawaida za alkali zina volti 1.5, zile za kuchaji za NiMH zina 1.2. Nilikuwa natumia za kuchaji huku kamera ikidhani ni za alkali, ikawa inalia betri zimekwisha kumbe zina nguvu bado. Nilipobadilisha chaguo hilo tu, nilipiga karibu mara mbili ya nilizokuwa nikipiga.

Zumu ya dijitali nimeizima moja kwa moja, kwani inakata katikati ya picha na kuikuza. Kuandika tarehe juu ya picha nimekuzima vile vile. Ikishachapwa pale haitoki, na kama ni ya makosa ndiyo imebaki.

Kuta zetu zilipopigwa chokaa zilianza kutoka za kijivu. Sababu ni kwamba kamera inapima mwanga kama vile kila kitu kina rangi ya wastani, basi cheupe inakitia kiza. Dawa ni ile alama ya jumlisha na toa: panda hadi +0.7 au +1. Na kwa asiyetaka kubonyeza sana, katika orodha ya mandhari ipo ya theluji. Inafanya kazi ile ile ya kuongeza mwanga, na kwa ukuta wa chokaa au mchanga mweupe wa ufukweni inatoa picha safi kabisa. Naipenda sana.

CD sasa. Imeandikwa kwamba ni ya Windows XP, Vista na 7. Kompyuta mpakato yangu haina pa kutia CD, nikaazima kisomeo cha nje. Iliweka programu tano kwa mpigo mmoja, na moja yao ikawa inajifungua kila nikiwasha kompyuta. Ya kuunganisha picha za mandhari pana ni nzuri kweli: nilipiga picha tano za ukuta wa mbele, kila moja ikiingia theluthi moja ndani ya mwenzake, ikazishona mpaka huoni mshono.

Ile ya kuhifadhi ndiyo iliyonivunja moyo. Niliandika maelezo chini ya picha 140, "msingi, upande wa kusini", "shimo la choo, futi 8", usiku hadi usiku. Nilipoinakili folda kwenye flashi kwa ajili ya ami, picha zilikwenda na maelezo yakabaki. Programu ilikuwa ikiyaweka kwenye daftari lake la ndani, picha zenyewe haikuzigusa.

Nimeiondoa. Natumia digiKam, programu ya kupanga picha ambayo ni ya bure na inaendelea kutengenezwa. Ukiiamrisha kwenye mipangilio yake, maelezo yanaandikwa ndani ya faili na kusafiri nalo. Na kadi naisoma kwa kisoma kadi, sitii waya kwenye kamera, maana waya unakula betri.

digiKam hiyo hiyo ndiyo iliyonitoa lawamani kwa ami. Ina chombo cha kurekebisha tarehe na saa: nilinakili picha zote zilizokosewa, nikaziteua kwa pamoja, nikajumlisha saa 6. Tarehe zilikuwa sahihi, ni saa tu. Nikampelekea za kale na mpya, pamoja na sauti ya yule kijana akieleza alichoandika siku ile.

Sasa hivi, kila asubuhi picha ya kwanza kabisa saitini ni ya kioo cha simu yangu kikionyesha saa. Kamera ikipotea njia tena, picha hiyo itanionyesha imepotea kwa kiasi gani. Ami akaipokea ya kwanza, akanirudishia ujumbe: "Nimeiona. Nunueni mbao."