Spea za bodaboda za Ngamiani kwenye injini ya mfano: plagi ndiyo, kabureta hapana

Injini ya kujitengenezea ikikataa kuwaka, mtu wa Tanga hukimbilia mtaa wa Ngamiani. Kwenye zile barabara za namba spea za pikipiki na baiskeli zimening'inia hadi dari, na mwenye injini ndogo ya mezani isiyotoa hata chafya huona kila kilichopo ukutani ni dawa. Baadhi ni dawa kweli, ila viko vinavyoongeza ugonjwa. Hapa tunavipima kwa injini ya aina inayopendwa na wanaoanza: silinda moja, mipigo minne, kipenyo cha silinda 25 mm, mwendo wa pistoni 30 mm, yaani cc 14.7. Krenki iko wazi, haina kasha, flaiwili ni ya 120 mm, na valvu ya kuingiza hewa inafunguliwa na mvuto wa pistoni tu, haina kemu, yaani kile kinundu kinachozunguka na kusukuma valvu.

Usitoe hela kabla hujajua injini inaumwa wapi. Chukua bomba la sindano la duka la dawa, dondosha matone matatu au manne ya petroli kwenye tundu la kuingizia hewa, kisha zungusha flaiwili. Ikipiga mara mbili tatu halafu ikafa, moto wa plagi upo, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ipo na taiming (wakati wa kutoa cheche) iko karibu, kwa hiyo mshitakiwa ni kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa. Isipopiga kabisa, kabureta iache kwanza, rudi kwenye moto na kompresheni. Wengi huruka kipimo hiki, wanarudi nyumbani na mfuko wa spea ambazo injini haikuziomba.

Tuanze na plagi, maana hapo duka linastahili sifa. Kaunta utaulizwa, "Ya pikipiki gani, kaka?" Ukijibu kwamba ni ya injini uliyoitengeneza mwenyewe utapewa yoyote iliyo karibu na mkono. Taja namba: C7HSA. Hiyo ina uzi wa 10 mm wenye hatua ya 1.0, urefu wa uzi 12.7 mm, spana 16, na inakaa vizuri kwenye kichwa cha silinda ya 25 mm. Ukipewa D8EA, ile ya pikipiki za aina ya CG125, irudishe. Uzi wake ni 12 mm, hauingii tundu la 10 mm, na urefu ni 19 mm, hivyo hata ukipanua tundu itaning'inia ndani ya chemba na huenda ikagusa valvu. Hata C7HSA, kama kichwa chako ni chembamba kuliko 12.7 mm, iongezee washa ya shaba hadi uzi uishie usawa wa chemba.

Nafasi ambayo cheche inairuka kwenye plagi inayotoka boksini huwa 0.6 hadi 0.7 mm. Kwa koili (kinachopandisha volti za plagi) dhaifu na mkono unaozungusha polepole hiyo ni pana mno, ibane hadi 0.4 au 0.5. Na cheche unayoiona plagi ikiwa nje isikudanganye, kwa sababu hewa iliyobanwa hurukwa kwa shida kuliko hewa ya nje. Koili nzima inaruka 5 hadi 6 mm kwenye hewa ya kawaida. Inayoruka 1 mm nje, ndani ya silinda haitaruka kitu. Kipimo hiki kifanyie mbali na tundu la plagi, mvuke wa petroli unaotoka pale unashika moto upesi.

CDI, kisanduku cha elektroniki cha kuamsha cheche, ndiyo inayoliza watu. Kwa nje visanduku vinafanana, lakini kuna CDI ya AC na CDI ya DC. Ya AC haitaki betri. Inalishwa na koili maalumu ndani ya magineti ya pikipiki, kwa umeme wa volti nyingi. Ukiichomekea betri ya volti 12 itakaa kimya, na mwenye duka ataapa kwamba ni nzima. Hasemi uongo. Ukiamua CDI, nunua ya DC, na uichukue pamoja na pulsa yake (kihisi kinachoiambia CDI wakati wa cheche) na koili yake, vyote vya pikipiki moja. Pulsa iwe na nafasi ya 0.5 hadi 0.8 mm na chuma kinachopita mbele yake. Hata hivyo nguvu ya pulsa hutegemea kasi ya chuma hicho, na mkono wa binadamu hauna kasi ya kiki. Kwa injini ya kuzungusha kwa mkono tunaipa alama ya chini.

Kinachowaka kwa uhakika ni mfumo wa zamani wa pointi (swichi ndogo inayofunguka cheche inapotakiwa), kondensa (inayozuia pointi zisitoe cheche zenyewe) na koili ya gari. Koili iwe na ukinzani wa karibu om 3 upande wa kuingizia, ambao kwa betri ya volti 12 unavuta ampea 4. Betri ndogo ya 7 Ah inatosha. Usiweke koili ya CDI mahali hapo. Upande wake wa kuingizia mara nyingi haufiki om 1, hivyo itavuta umeme mwingi kupita kiasi, pointi zitaungua na koili itachemka. Pima kwa mita ukiwa bado dukani, ni kazi ya nusu dakika. Nafasi ya pointi ni 0.4 mm. Pointi zikitoa cheche kubwa zenyewe huku plagi ikitoa moto hafifu, kondensa imekufa au waya wake umeachia. Upepo wa bahari hapa unazitia pointi ukungu mweupe hata injini ikiwa kabatini, kwa hiyo kabla ya kulaumu chochote zipitishie msasa namba 600, kisha vuta kati yake karatasi iliyolowa petroli. Na weka swichi: injini ikisimama pointi zikiwa zimefungana, koili inaendelea kupashwa bure.

Taiming haina spea, ina alama tu. Flaiwili ya 120 mm ina mzingo wa karibu 377 mm, maana yake digrii moja ni 1 mm na ushei pembeni mwake. Tafuta ncha ya juu, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa, kwa kuingiza kizuizi kwenye tundu la plagi, zungusha mpaka pistoni igonge upande huu, tia alama, zungusha upande wa pili, tia alama. Katikati ya alama hizo, upande ule pistoni iliko juu, ndipo ilipo ncha. Pointi zifunguke 5 hadi 8 mm kabla yake. Ukizidisha, flaiwili inarudisha mkono, na inauma. Kama pointi zinaendeshwa na kemu, hakikisha moto hautoki mwisho wa mpigo wa ekzosi. Injini iliyokosewa hivyo inakohoa bila kushika, na gia ya kemu ikisogezwa mzunguko mzima wa krenki inapona.

Kabureta ya bodaboda, hata ukipewa bure, iache. Chukulia mfano wa ile yenye koo (njia ya kupitia hewa) la 26 mm. Ukizungusha injini hii kwa mizunguko 200 kwa dakika, hewa inapita koo hilo kwa kasi ya chini ya 0.2 m kwa sekunde wakati pistoni inavuta. Anayepoza chai kwa mdomo anapuliza kwa nguvu zaidi. Kasi hiyo haiinui petroli kutoka kwenye jeti (kitundu cha kutolea petroli), na ndiyo sababu injini inapiga kwa matone ya sindano lakini kwa kabureta inabaki kimya. Koo la 5 mm linakupa karibu 5 m kwa sekunde kwa mzunguko uleule. Kabureta ya mashine ya kukatia majani nayo isikushawishi: pampu yake inasukumwa na mapigo ya hewa ya krenkikesi (kasha la krenki), na krenki iliyo wazi haina mapigo.

Tengeneza mwenyewe, vifaa viko mtaa uleule. Mrija wa shaba uliotobolewa 5 mm ndio koo. Jeti ni kipande cha sindano ya 21G, ile yenye kitako cha kijani, unene wa nje 0.8 mm, kiishie katikati ya koo. Cha kudhibitia petroli ni sindano ya kushonea iliyounganishwa kwa risasi kwenye skrubu ya M3. Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofunga. Kwa wauza baiskeli, ambao Tanga hawakosekani, nunua goroli ya 3/16, yaani 4.76 mm, ile ya habu ya mbele, iwe valvu ya kuzuia petroli isirudi tangini. Usawa wa petroli uwe 10 hadi 15 mm chini ya jeti. Ukiwa juu ya jeti, silinda itafurika na plagi itatoka imelowa. Ukiwa chini sana, utazungusha mpaka bega liume.

Kompresheni ndiyo mahali duka linapoishiwa. Ringi za bodaboda ni za pistoni ya zaidi ya 50 mm. Kwa silinda ya 25 mm utafanya ringi ya chuma cha kumimina kwa mkerezaji, au o-ringi ya 1.78 mm. O-ringi iwe ya mpira wa Viton, maana nitraili ya kawaida hukakamaa kwa joto, na rangi pekee haikuhakikishii ni ipi. Ibane kidogo sana, acha nafasi ya 1.65 hadi 1.70 mm kutoka sakafu ya mfereji wa pistoni hadi ukuta wa silinda. Ukiibana kama ya pampu ya maji, flaiwili haizunguki.

Kujua inavujia wapi, zamisha injini kwenye ndoo ya mafuta ya taa hadi ifunikwe, ukiwa umeondoa koili na waya. Peleka pistoni ncha ya juu, valvu zote zimefungwa, upulize kwa mrija kupitia tundu la plagi. Mapovu ekzosi, valvu ya ekzosi. Mapovu kwenye koo, valvu ya kuingiza. Yakitoka chini ya pistoni, ni ringi. Pesti ya kusagia valvu inapatikana kwenye maduka hayohayo na inafaa kila senti, ila saga kidogo: mstari wa kijivu wa 0.3 hadi 0.5 mm kuzunguka siti (pale valvu inapokalia) unatosha, ukipanuka unavuja zaidi. Valvu ya pikipiki iliyochakaa inaweza kukerezwa hadi kichwa cha 10 mm na mti wa 3 mm, kwa ncha ya kabaidi. Springi yake itupe. Valvu ya kuingiza inayovutwa na pistoni haiwezi kuishinda. Weka springi ya kalamu ya wino na uipime kwenye mzani wa jikoni, valvu ianze kufunguka kwa gramu 30 hadi 50.

Spoki ya baiskeli ya 2 mm ni fimbo nzuri ya kusukumia valvu ya ekzosi. Acha nafasi ya 0.1 hadi 0.2 mm kati yake na valvu. Nafasi hiyo isipokuwepo, valvu haifungi kabisa, na utasaga siti wiki nzima bila kuona kosa. Ukimaliza kazi, tia matone mawili ya oili ndani ya silinda na uache pistoni ncha ya juu, valvu zote zimefungwa. Siti ya chuma iliyoachwa wazi kwa upepo wa Raskazone hupata kutu, na unaanza upya na pesti.