Basi la mashabiki, Hull hadi Wembley: uzoefu wangu, hasa wa siku ile ya 50–0

Kila fainali ya Challenge Cup, kombe la raga ya ligi linalochezewa uwanja wa Wembley, London, ikikaribia, Wakenya wenzangu wa hapa Hull huniuliza kama nauli ya basi la mashabiki ina maana au heri mtu apande treni. Mimi ni mtu wa basi. Na msidhani nasema hivyo kwa utamu wa 2025 tulipobeba kombe. Msimamo wangu ulianza Agosti 29, 2015, Leeds walipotucharaza 50–0 mbele ya watu zaidi ya 80,000.

Kwa asiyetujua: sisi ni Hull Kingston Rovers, timu ya mashariki ya mji, nyekundu na nyeupe. Si raga ile ya saba saba mliyozoea Nairobi. Hii ni raga ya ligi, wachezaji 13 kila upande. Mkikabwa mara sita mnaachia mpira, trai, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni alama nne, mkwaju wa nyongeza ni mbili. Kwa hiyo Leeds walitia trai tisa, na Kevin Sinfield akapiga mikwaju saba. Sisi hatukupata kitu, na mchezo huu una hadi alama moja ya bei rahisi, ile ya kudundisha mpira na kuupiga kati ya milingoti.

Sasa basi lenyewe. Linaondoka alfajiri upande wa Preston Road, karibu na uwanja wetu wa Craven Park, linashika barabara kuu ya M62, kisha M18, halafu M1 mpaka London. Viti vimebanana, ukiwa na miguu mirefu, magoti yatasugua kiti cha mbele safari nzima. Pa kuchajia simu hakuna. Choo kipo, ila tuliombwa tukitumie kwa haja ndogo tu na tusikijaze, ombi gumu kwa watu walioanza bia saa mbili asubuhi. Wanasimama mara moja njiani. Chakula beba chako. Mzee wa kiti cha pembeni alikuwa na pati za viazi ndani ya karatasi ya foili, zimenyunyiziwa kile kiungo chekundu ambacho mtu wa Hull hali chipsi bila hicho, akanikatia moja bila kuniuliza kama nataka. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu mpaka Wembley.

Kule mabasi hupangwa kwa safu, yote yanafanana. Dereva alibandika namba kwenye kioo cha mbele akatuambia tuipige picha. Akatutajia na sharti: basi litaondoka saa moja baada ya filimbi ya mwisho, si kabla, na mpaka hapo mlango utakuwa umefungwa.

Hilo sharti ndilo lililoniweka kitini. Mashabiki wa treni walianza kuchomoka kipindi cha pili, mafungu kwa mafungu. Sisi wa basi tungekwenda wapi? Nikaona yote. Niliona Lizzie Jones akiimba kabla ya mechi, mjane wa Danny Jones, mchezaji wa Keighley aliyefariki Mei mwaka huo moyo wake uliposimama akiwa mechini. Uwanja mzima ulikuwa wake, wetu na wao. Mapumzikoni tulikuwa nyuma 16–0 na bado tulijipa moyo. Si tulikuwa tumewatoa Warrington 26–18 nusu fainali? Halafu tukawa tunaangusha mpira, tunawarudishia, tunakimbia kujihami tukiwa hoi. Na Tom Briscoe, winga wao wa kulia, akatia trai tano peke yake. Katika fainali ya kombe hili, kabla yake hakuna aliyewahi kufika tano. Kibaya zaidi, Briscoe alitoka Hull FC, majirani zetu wa magharibi.

Nikirudi kwenye huduma, safari ya kurudi ndiyo iliyonishangaza. Mlango ulipofunguliwa tu, watu wote wamo ndani, wamefunga mikanda. Tukang'oa nanga kwa dakika. Hakuna aliyezozana. Utazozana nini na 50–0? Hakuna refa wa kulaumu, hakuna mkwaju uliogonga mwamba. Watu walivua viatu, wakala mabaki ya sandwichi, wakaulizana habari za kazi na wajukuu. Kabla ya kufika nusu ya njia basi zima linakoroma.

Linganisheni na 2023, Leigh walipotufunga 17–16 kwa pointi ya dhahabu, yaani muda wa nyongeza ambao anayepata alama kwanza ndiye mshindi. Hiyo ilikuwa balaa. Tulibishana kuanzia maegesho hadi Doncaster, kila mtu na dakika yake ambayo mechi iliharibika, wawili nusura washikane mashati. Kichapo cha alama moja hakilaliki. Kile cha hamsini unakizika London, unarudi nyumbani na njaa tu.

Hata 2025 kama safari haikuwa bora, Mungu anisamehe. Tuliwapiga Warrington 8–6, Tom Davies akitia trai dakika za mwisho na Mikey Lewis akimalizia mkwaju, baada ya miaka 40 bila taji kubwa. Nililia kama mtoto. Lakini basi lilichelewa mno kwa kuwasubiri watu waliokataa kutoka uwanjani, sakafu ikanata bia, na choo, wacha tu.

Dereva wa 2015 namtaja kwa sifa. Alikuwa shabiki wa Hull FC na basi zima tulijua. Mjue kwamba wakati huo FC hawakuwa wamewahi kushinda Wembley, na sisi tulikuwa tukiwaimbia hilo miaka yote, tangu tulipowafunga 10–5 hapo hapo mwaka 1980. Siku yake ya kulipiza ilikuwa imefika, tena tumefungiwa ndani ya basi lake. Alizima redio kabla hatujaketi. Tuliposimama njiani, mzee wa pati akamletea chai, akaipokea, akapuliza, akasema, "Briscoe tulimlea sisi, lakini." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Dereva hakuongeza neno hadi Hull.

Nawapa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa magoti yangu. Ukikata tiketi, jua ya uwanjani unanunua mwenyewe, nauli haiihusishi. Uliza mapema basi litaondoka muda gani baada ya filimbi. Na wakikupa kiti cha nyuma kabisa, jirani na choo, kikatae, hasa mwaka tukiwa na timu nzuri.