Aprilaire 600: mashine yenyewe safi, shida iko kwenye nyaya

Kwa wenzangu mnaokaa huku Minnesota na majimbo ya baridi, mnajua fanesi (mashine ya kupasha nyumba joto kwa hewa) ikianza kuwaka tu mwezi wa kumi na moja nyumba inakauka hadi ngozi inapauka saa moja baada ya kujipaka mafuta, ukigusa kitasa unapigwa shoti, watoto wanaamka na damu puani. Zile mashine ndogo za kuweka mezani nimechoka kuzijaza maji, ndo nikafunga hii ya kuongeza unyevu nyumba nzima, inakaa kwenye dakti (njia ya hewa ya bati) pembeni ya fanesi.

Kiukweli inafanya kazi. Haina feni yake, inatumia upepo wa fanesi yenyewe, maji yanatiririka juu ya pedi, hewa ya moto inapita hapo inabeba unyevu, maji yanayobaki yanaenda kwenye dreni. Kimya kabisa. Ile Aprilaire 700 ina feni na inataka umeme wake mkubwa, mimi kwa kanyumba kangu sikuona haja.

Sasa kwenye nyaya. Fundi niliyemlipa (kampuni siitaji) alifunga mabomba vizuri, dakti kakata vizuri, halafu hyumidistati (swichi inayopima unyevu na kuwasha mashine) akaiunganisha kwenye sehemu ya waya iliyoandikwa R kwenye bodi ya umeme ya fanesi. R ina volti 24 muda wote, fanesi iwake isiwake! Kwa hiyo hewa ikikauka tu valvu ya maji inafunguka, maji yanakwenda, na fanesi imelala, hakuna joto hakuna upepo, yaani unalipia maji yanayoingia dreni moja kwa moja usiku kucha. Nilishuka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, nikasikia maji yanachuruzika na mashine ya joto iko kimya, nikajua hapa kuna kitu. Nikampigia, ananiambia "ndivyo zinavyokuwa". Hapana bosi, sivyo.

Inavyotakiwa ni hivi, kama bodi yako ina sehemu imeandikwa HUM ya volti 24: waya kutoka HUM uende kwenye hyumidistati, utoke hapo uende kwenye solenoidi ya valvu (koili ya umeme inayoifungua), waya wa pili wa solenoidi urudi COM, sehemu ya umeme kurudi kwenye bodi. Nyaya mbili za solenoidi hazina chanya wala hasi, ipi iende wapi haijalishi. Nilizima swichi ya fanesi nikahamisha waya mmoja tu kutoka R kwenda HUM, bisbisi ndogo, basi. Sasa maji yanakuja fanesi ikiwa inachoma na feni inazunguka.

Ila jamani angalieni, HUM za bodi nyingine ni volti 120! Mara nyingi utaikuta upande wa nyaya nene pamoja na EAC (ya kisafisha hewa cha umeme). Ukichomeka solenoidi ya 24 pale unaiunguza, hiyo inataka transfoma yake kando. Soma mchoro uliobandikwa kwenye mlango wa fanesi, au pima kwa mita fanesi ikiwa inawaka, yangu ilisoma 26 nikatulia. Na usigusanishe R na C (ndiyo COM), fyuzi ndogo ya bodi, ile kama ya gari, inakatika na nyumba inabaki baridi hadi upate nyingine.

Kuset nako kuna akili yake: nje kukiwa -18 za Selsiasi weka unyevu 25% hivi, -29 shusha hadi 15, ukilazimisha 40 madirisha yanatoa jasho na mbao zinaota ukungu. Hyumidistati ikiwa na sensa ya nje inajirekebisha yenyewe, ichukue. Pedi (namba 35) badilisha kila mwaka, na kiangazi funga kile kifuniko cha dakti.

Mashine naipa nne kwa tano, moja nakata kwa sababu aina hii inamwaga maji mengi hata ikifungwa sawasawa. Fundi sifuri. Na kama nyumba yako inapashwa kwa rediata za maji ya moto usihangaike nayo, hakuna dakti ya kuifunga.