Mipango ya Kupunguza Uzito Kwenye Mizani ya Utafiti

Anayenunua mpango wa kupunguza uzito, uwe katika kitabu, programu ya simu au huduma ya kulipia kila mwezi, huuziwa vitu viwili kwa pamoja: utaratibu wa kula na maelezo ya sababu zinazoufanya utaratibu huo ufae. Nimeipitia mipango inayovuma zaidi kwa kuangalia majaribio ambamo washiriki waligawanywa kwa nasibu, na maoni yangu ni kwamba taratibu nyingi zinasaidia kwa kiasi, ilhali maelezo yanayoziuza hayasimami.

Nianze na keto, yaani mlo wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, na jamii yote ya milo yenye wanga kidogo, ambayo husifiwa kwa kasi ya kupunguza uzito. Kasi hiyo ipo kweli, lakini sehemu kubwa ya kilo zinazopotea katika siku za mwanzo ni maji, kwa sababu sukari ya akiba iliyomo katika ini na misuli, yaani glaikojeni, huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu yake, na akiba hiyo hupungua mara mtu anapoacha wanga. Matangazo yanayoonyesha matokeo ya wiki moja hayamwambii mnunuzi jambo hilo, nami naona kwamba yalipaswa kumwambia.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote katika mjadala huu ni lile la Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2018, ambalo liliwafuatilia watu wazima 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipoteza wastani wa kilo 5.3, na waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema kwamba mlo mmoja umeushinda mwingine. Makundi yote mawili yalielekezwa kula mboga kwa wingi na kupunguza sukari ya kuongezwa na nafaka zilizokobolewa. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopoteza karibu kilo 30 na walioongezeka karibu kilo 10, na watafiti walipochunguza kama vinasaba au kiwango cha insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu, vingeweza kubashiri nani angefaidika na mlo upi, havikuweza. Kwa hiyo anayeuza kipimo cha vinasaba ili akuchagulie kati ya milo hii miwili anauza kitu ambacho jaribio hilo lilikitafuta na halikukipata.

Maelezo ya kwamba wanga hunenepesha kwa kupandisha insulini, hata mtu asipozidisha chakula, yalipata pigo mwaka 2021, pale Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walipowaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, wakala mlo wa mafuta kidogo na mlo wa keto, kila mmoja kwa wiki mbili na kwa kadiri walivyotaka. Katika mlo wa mafuta kidogo insulini ilikuwa juu zaidi, lakini walikula karibu kalori 700 pungufu kwa siku kuliko katika keto. Wiki mbili ni muda mfupi mno kutuambia lolote kuhusu maisha ya nyumbani, ila zinatosha kuyatilia shaka maelezo hayo.

Utaratibu wa kufunga kwa vipindi, yaani kula ndani ya saa fulani tu za siku, naupa alama nzuri kwa wepesi wa kanuni yake. Hata hivyo, katika jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2022, watu 139 wote walipunguziwa kalori, na nusu yao wakatakiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Baada ya mwaka mmoja waliobanwa saa walikuwa wamepoteza kilo 8.0 na wenzao kilo 6.3, na tofauti hiyo nayo haikuwa na nguvu ya kitakwimu. Anayeona ni rahisi kuacha kula mapema kuliko kuhesabu kalori ana sababu nzuri ya kuuchagua utaratibu huu.

Mlo wa kundi la damu, unaompangia mtu vyakula kulingana na kundi lake la damu, siupendekezi: watafiti wa Toronto walionyesha mwaka 2014 kwamba manufaa yaliyoonekana kwa walioufuata hayakutegemea kundi lao la damu hata kidogo.

Ulionishangaza kwa ubora ni mpango wa vinywaji vinavyochukua nafasi ya chakula, uliopimwa Uingereza kwa watu 306 wenye kisukari cha aina ya pili. Walitumia takriban kalori 850 kwa siku kwa miezi kadhaa, kisha wakarudishiwa chakula hatua kwa hatua, wakisaidiwa na wahudumu wa afya. Baada ya mwaka, asilimia 46 ya waliofuata mpango kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya wengine; baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Washiriki walisimamishiwa dawa za kisukari na za shinikizo la damu mwanzoni kabisa, chini ya uangalizi wa kitabibu, na kwa hiyo anayetumia dawa hizo asinunue vinywaji vya namna hii dukani na kuanza peke yake kabla ya kuonana na daktari wake.